Fungu si kilo: ajaili kwenye mnada wa samaki

Ukikaa ofisini ukiandika mahitaji ya programu ya mnada wa samaki, kipimo cha kwanza kukujia kichwani ni kilo. Aina ya samaki, kilo, bei ya kilo, jumla. Jedwali linapendeza, mteja anatia sahihi. Kisha shuka ufukweni Bagamoyo vyombo vikiingia: dagaa wanakwenda kwa ndoo, vibua kwa fungu, kolekole mkubwa ananadiwa peke yake, na dalali ameshafunga bei kabla mtu hajauliza mizani iko wapi.

Kosa hilo litatokea kwa njia yoyote ya kuendesha mradi. Tofauti ni siku ya kuligundua, na kwangu mimi faida ya ajaili, yaani kujenga programu kipande kwa kipande na kumpa mtumiaji kila kipande akijaribu mapema, imekaa hapo. Wanaoinadi kama njia ya kumaliza kazi haraka wanapotosha. Hakuna aliyewahi kuandika programu upesi zaidi kwa sababu karatasi za rangi zimebandikwa ukutani.

Katika njia ya zamani, ile ya maporomoko, kazi hushuka ngazi kwa ngazi: mahitaji, usanifu, uandishi, majaribio, makabidhiano. Mtumiaji huiona programu kwenye ngazi ya mwisho. Mradi wa miezi 9 ukikabidhiwa, ile kilo imeshaota mizizi: ni safu kwenye hifadhidata, ni fomula ya ushuru, ni mstari kwenye risiti, ni kichwa cha ripoti ya mwezi, na imo kwenye kitabu cha mafunzo. Kuing'oa ni kugusa sehemu tano na kuzijaribu zote upya, na rekodi zilizokwisha kuingia nazo zihamishwe. Ingegunduliwa wiki ya pili, ni kubadili safu moja na kitufe kimoja.

Cha ajabu, maporomoko hunasibishwa na makala ya mhandisi wa programu Winston Royce ya mwaka 1970, na humo humo aliandika kwamba kuyatekeleza hivyo hivyo ni hatari na hualika kushindwa. Watu walichukua mchoro wakaacha maelezo. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la ajaili. Nalo limesomwa nusu nusu: halikukataza mpango wala nyaraka, lilisema kuitikia mabadiliko kunathaminiwa zaidi kuliko kufuata mpango.

Sasa, wiki mbili za kwanza zitoe nini? Hapa timu nyingi hupotea. Huanza na ukurasa wa nywila, kisha hifadhidata nzima, kisha skrini zote, tabaka kwa tabaka. Hayo ni maporomoko yaliyovishwa kanzu mpya. Kata kipande chembamba kinachotoka juu hadi chini: karani wa dalali aandike biashara moja iliyofungwa (aina ya samaki, kipimo, idadi, bei, mnunuzi), ihifadhiwe, na jioni mwenye chombo asome jumla yake kwenye simu. Malipo ya simu bado, ripoti ya mwezi bado. Simu moja, dalali mmoja, mnada wa kweli.

Kipande hicho kikirudi kutoka ufukweni kitakuja na mambo ambayo kikao hakiwezi kuyatoa. Kioo cha simu hakisikii vizuri kidole chenye maji na magamba, kwa hiyo vitufe viwe vikubwa na vichache, na mwandikaji awe karani mwenye mikono mikavu, si dalali. Jua la saa nne likipiga kioo, maandishi ya kijivu hayasomeki. Mtandao ukikatika mnada hausubiri: programu ihifadhi ndani ya simu na kutuma baadaye. Na hapo ndipo inapojificha hitilafu mbaya kuliko zote. Simu imetuma, seva imepokea, jibu limepotea njiani, simu inatuma tena. Ndoo 10 zinakuwa 20, na ushuru juu yake. Dawa ni kila biashara kupewa namba yake ya pekee kwenye simu yenyewe pale inapoandikwa. Seva ikiiona namba ile ile mara ya pili ijibu kwamba imeshapokea, bila kuandika upya.

Kuhusu urefu wa sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, kanuni za skramu, mtindo mmojawapo wa ajaili, zinaruhusu hadi mwezi mmoja. Wiki mbili zinafaa, ila pwani ina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa; mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika na mnada wa dagaa hupoa. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo sprinti za wiki mbili zinaweza kuangusha kila onyesho la pili (pale timu inapowaonyesha watumiaji kazi ya sprinti) kwenye soko tupu. Tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe. Saa ya onyesho pia ifuate maji na vyombo, si ratiba ya ofisi. Na kasi ya programu ipimwe siku za giza, ndoo zinapopanga foleni. Ikipita mtihani siku ya mbalamwezi haijathibitisha kitu.

Tarehe ya kumaliza hutoka kwenye kazi iliyokwisha kufanyika. Sprinti tatu za mwisho zimemaliza vipande 6, 4 na 5, wastani 5. Vimebaki 40, hivyo sprinti 8. Chukua na ile mbaya kuliko zote, 4: sprinti 10. Mteja aambiwe wiki 16 hadi 20, na hesabu irudiwe kila baada ya wiki mbili. Kipande kilichokwisha ni kile kilichoandikwa, kikapitiwa na mwenzako, kikajaribiwa kwenye simu ya bei nafuu bila mtandao, na kikawa mikononi mwa karani. Kilichofika asilimia 90 kihesabu sifuri. Ukianza kuhesabu robo na nusu, wastani wako ni uongo.

Yanayoharibu ni yale yale kila mahali. Kikao cha kila siku, dakika 15, kinageuka ripoti kwa bosi. Utakijua kwa macho, wote wanamtazama mtu mmoja. Badala ya kuzunguka watu, zungukeni vipande, mkianza na kilicho karibu kuisha. Mwenye bidhaa, yaani anayeamua kwa niaba ya mteja kipi kijengwe kwanza, anakuwa kamati, swali la Jumatatu linasubiri kikao cha mwezi, sprinti imekufa. Awe mtu mmoja anayelijua soko na mwenye mamlaka ya kusema hapana. Na pasipokuwa na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila programu inapobadilishwa, kila kipande kipya kitavunja cha zamani, na karani atarudi kwenye daftari lake. Simlaumu.

Mwamba mkubwa ni mkataba. Mteja anataka bei moja na orodha kamili. Usipigane naye: funga bei na muda, acha orodha wazi kwa kifungu kimoja, kwamba kipande kipya kikiingia, kingine cha ukubwa ule ule ambacho hakijaanzwa kinatoka. Malipo yafuate vipande vinavyotumika, kila baada ya sprinti mbili. Mteja akiishiwa fedha katikati anabaki na programu inayofanya kazi. Kwenye maporomoko angebaki na nyaraka za usanifu.

Hata hivyo, fundi wa dau habadili mkuku baada ya mbao kugongwa, na programu hii ina mikuku miwili ya kuamuliwa kwa maandishi kabla ya sprinti ya kwanza. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili za shilingi, si desimali, la sivyo jumla za mwezi zitapishana kwa shilingi mbili tatu na hakuna atakayejua zimekwenda wapi. Pili ni kufuta. Karani akikosea bei, asifute. Aandike rekodi ya kusahihisha, ile ya kwanza ibaki na saa yake. Ukiruhusu kufuta, siku dalali na mwenye chombo watakapogombana hapatakuwa na cha kuwaonyesha.