Kumbukumbu ya mradi wa katuni: nyongeza ya mshahara na mfumuko wa bei

Katuni ya mgomo imekamilika. Sasa ni zamu ya nyongeza ya mshahara, na hapa hesabu hutangulia penseli. Serikali inatangaza nyongeza ya asilimia 5 wakati bei zimepanda asilimia 8. Gawanya 105 kwa 108, unapata 0.972, yaani mshahara "ulioongezwa" unanunua pungufu kwa karibu asilimia 2.8.

Wazo la noti mbili, kubwa na ndogo, nimelitupa. Tofauti ya asilimia 2.8 haionekani kwa macho, na ukiikuza unadanganya. Tena jicho husoma eneo: noti ukiirefusha mara 2 na kuipanua mara 2, inaonekana kubwa mara 4. Anayetaka kuonyesha mara 2 kwa haki azidishe kila upande kwa 1.41.

Nimechagua ngazi kwenye mafuriko, fremu mbili. Katika ya kwanza maji yako kwenye vifundo vya miguu ya mfanyakazi. Katika ya pili amepanda vipandio 5, maji yamepanda 8, yamemfika kifuani. Waziri yuko juu ukutani anampigia makofi. Mikono yote miwili inapiga makofi, kwa hiyo hakuna hata mmoja ulionyooshwa kumvuta. Ngazi lazima iwe na kipimo kilekile katika fremu zote mbili, la sivyo hesabu inapotea.

Lebo, yaani maneno yanayoandikwa juu ya vitu mchoroni ili kuvieleza, nazipunguza kadiri niwezavyo; picha yenyewe iseme. Mwaka 1831 mchoraji katuni Honoré Daumier alimchora mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa akiwa jitu, vikapu vya fedha za wananchi vikipandishwa kwa ubao hadi mdomoni mwake. Ujumbe ulieleweka vizuri mno: mwaka uliofuata mchoraji alifungwa.

Nachora kwa ukubwa wa mara 1.5 ya utakaochapwa, kwenye karatasi nene na laini. Ikipunguzwa, mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.2. Maji ndiyo yanayosumbua, kwa sababu yote ni mistari iliyosongamana: nafasi zikiwa finyu, wino huziziba wakati wa kuchapa na mafuriko yanageuka doa jeusi. Naacha angalau milimita 1 kati ya mistari. Penseli inafutwa wino ukishakauka kabisa, ndipo mchoro uskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi.

Kilichobaki ni uso wa mfanyakazi. Asiwe wa kuhurumiwa. Anamtazama waziri moja kwa moja, kwani yeye ndiye mwenye hoja.