Siku yangu moja Watamu: bosi ni maji, sio mgeni

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, kitu cha kwanza nafungua simu kuangalia maji. Leo ni bamvua, yaani maji hushuka sana na kujaa sana, yanakupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, yaani siku imejipanga yenyewe, asubuhi baharini, mchana Gede kwenye magofu ya mji wa kale, jioni Mida kwenye ghuba ya mikoko. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Watamu, pwani ya Kenya, na watu hudhani nawapangia mimi ratiba, wapi.

Saa moja napita kwa mama wa mahamri, mbaazi za nazi moto moto, halafu bichi. Kapteni wetu ashafika, ni mtu mzima namwita ami, anachota maji yaliyoingia kwenye boti letu la sakafu ya kioo na kulalamikia bei ya petroli kama kawaida yake.

Saa mbili wageni wanateremka. Familia moja ya Nairobi, baba mama na watoto wawili, na wazee wawili Wataliano. Pesa ya kuingia marine, hifadhi ya bahari, hulipwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na hapo ndipo dakika ishirini hupotea, intaneti inazunguka, baba ameinua simu juu, ami ananiambia mwanangu maji hayangoji. Namjua, akisema hivyo mara ya pili kinachofuata ni kelele.

Saa tatu kasoro tuko kwenye matumbawe. Hii ni hifadhi tangu 1968, kwa hivyo hakuna kuokota kombe, hakuna kukanyaga matumbawe, na ule mchezo wa kutupia samaki mkate nimeshaukataza tukiwa bado nchi kavu. Kijana mdogo maski yake imejaa ukungu, haoni kitu, ami akaichukua akaitemea mate ndani, akasugua na kidole, akaisuuza akamrudishia. Mtoto akamwangalia mamake! Lakini akavaa, na dakika mbili hivi nikasikia anapiga yowe ndani ya snokeli, lile bomba la kupumulia, kwa sababu ameona kasa, mkubwa, anakula nyasi bila habari na mtu. Hapo mimi hunyamaza tu, sina la kuongeza.

Saa nne tuko Sardegna 2. Jina la Kitaliano hilo, wenyewe ni fungu la mchanga ambalo maji yakikupwa linatokeza katikati ya bahari, jeupe, na wale wazee wakaanza kupigana picha kama maharusi. Tunakaa kama muda wa saa moja basi, maji yakigeuka tunaondoka, hata kama mtu hajapata picha yake.

Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, tuktuk, Gede. Wazee wamechoka wamebaki hotelini. Saa nane jua kali ila ndani ya magofu kuna kivuli cha miti mikubwa, ndio maana huwapeleka wageni saa hizo. Kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Kiislamu unaoangukia 1399, kuna msikiti mkuu, kuna jumba la mfalme, na vyoo! Watoto hawaamini watu wa zamani hizo walikuwa na choo ndani ya nyumba. Waliochimba walikuta hadi vyombo vya China. Mama akauliza mbona watu walihama, nikamwambia zasemwa sababu nyingi, maji ya visima kushuka ni mojawapo. Tukiwa hapo hapo kima akashuka mtini akanyakua ndizi ya binti, historia ikaishia hapo.

Saa kumi Mida maji yamejaa pomoni, mtumbwi unaingia hadi ndani ya mikoko na huhitaji kusukuma na mti. Kisha sambusa za kaa pale Dabaso, mkahawa uliojengwa juu ya maji, tukingoja jua lizame. Kwangu mimi hizi ndizo zinazoshinda yote, ila wageni hawaziweki kwenye picha.

Saa mbili usiku tunagawana pesa na ami: petroli kwanza, boti, halafu sisi. Leo kuna hoteli inataka kamisheni ya wageni ambao haikuwaleta hata, tumeachana nayo. Kabla ya kulala ikaingia meseji ya dada mmoja, anakuja wiki ijayo na anataka Sardegna saa kumi jioni, ati jua linakuwa zuri kwa picha. Nikamjibu dada, wiki ijayo ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana, hiyo saa kumi yatakupwa kweli lakini hayatashuka vya kutosha, fungu halitatoka lote, sogeza safari wiki moja mbele na uamke mapema. Ameisoma, hajajibu.