Kengele niliificha: ninavyowafundisha wanangu nyumbani

Kila niliyemwambia kwamba nitawafundisha wanangu nyumbani alinipa ushauri uleule: tengeneza ratiba. Asiye na mtoto alisema ratiba. Aliyelea watoto wengi wakamaliza shule alisema ratiba. Dada yangu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hata akikupigia simu unajikuta umekaa wima, alisema, “Mdogo wangu, bila ratiba hiyo si shule, ni likizo.” Nikatii. Dada yangu habishiwi.

Na niseme haki yangu: ilikuwa ratiba nzuri. Rangi tofauti kwa kila somo, vipindi vya dakika 40, hesabu ya kwanza asubuhi kwa kuwa eti akili bado mbichi, halafu Kiswahili, sayansi, sanaa. Nikanunua na kengele ya mkono. Wanafunzi walikuwa watatu: kifungua mimba wa miaka saba, wa kati wa miaka mitano, na kitindamimba aliyekuwa na miaka miwili na meno ya kutosha kutafuna penseli.

Kengele ilipolia mara ya kwanza walikuja mbio. Ilipolia tena wa kati akaomba aipige yeye. Nikamwambia kengele ni ya mwalimu. Akaangua kilio. Nikiwa nambembeleza, kitindamimba akaibeba na kutokomea nayo chini ya kitanda, na kuanzia hapo ratiba yote ikaendeshwa na mtu asiyejua kuhesabu. Hesabu iliisha kabla sijafuta ubao. Sayansi ilianza, ikaisha, ikaanza upya. Mkubwa, ambaye amerithi utii wa baba yake, alikuwa anafunga daftari kila akisikia mlio, hata katikati ya neno. Jioni mama yao aliporudi kazini akakuta kwenye daftari lake “Leo ni Jumat”, na chini yake “Pa”.

Kengele sasa iko juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Nisichoambiwa na wapenda ratiba ni kwamba zile dakika 40 hazikupangwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Ni za darasa lililojaa, ambako muda unaishia kwenye kugawa madaftari, kutafuta kichongeo, kunyamazisha wa nyuma na kumsubiri wa mwisho amalize. Mtoto wa miaka mitano ukikaa naye goti kwa goti robo saa, ameshapata cha siku hiyo. Ukiendelea unamfundisha kupiga miayo. Sisi tuna mpangilio tu: kusoma kwanza, hesabu baadaye, mmoja mmoja, na kabla ya mchana tumemaliza. Muda unaobaki ni wa kucheza, kufua, kupalilia, kugombana. Mimi kazi zangu nazifanya wakishalala, kwa hiyo anayesema nimekaa tu nyumbani namkaribisha aje akae tu, hata kwa siku moja.

Wazazi wenzangu huniuliza zaidi kuhusu yule mdogo. Unamweka wapi? Simweki popote. Naanza naye yeye. Kabla ya somo lolote namchukua mapajani, tunatazama picha, tunaimba, anashiba baba. Nilipokuwa naanza na wakubwa na kumwambia “subiri”, alisubiri kwa kumwaga vitu. Pia ana kapu lake ambalo hufunguliwa wakati wa masomo tu: vifuniko vikubwa vya makopo, vibanio vya nguo, tochi iliyokufa, mikoba chakavu yenye zipu. Thamani ya kapu haiko kwenye vitu vilivyomo. Iko kwenye kulifunga masomo yakiisha. Mtu alinishauri niliache wazi siku nzima ili “ajifunze uhuru”. Nililiacha. Kufikia jioni halikuwa na maana tena kwake, na penseli zikarudi mdomoni.

Kwenye kusoma, hela iliyomezwa na wino wa printa sitaki kuijumlisha. Nilishauriwa nichapishe kadi za herufi zenye picha. B baiskeli, A ambulensi, na kadhalika, nikazibandika ukuta mzima. Wa kati alizikariri haraka sana, nikajisifu kwa watu. Kisha nikaweka B na A pamoja nikamwambia asome. Akavuta pumzi akasoma kwa sauti kubwa, “Baiskeli, ambulensi!” Habari kamili ya ajali barabarani, ila silabi hakuna.

Nikazitoa ukutani, nikarudi kwenye njia niliyofundishiwa mimi: a, e, i, o, u mpaka zimkae, halafu ma me mi mo mu, halafu ta te ti to tu, na papo hapo maneno, tama, mito, meme, matamu. Kiswahili kinamwonea huruma mtoto kwa sababu herufi haibadilishi sauti kutoka neno moja hadi jingine. Mb, nd, ch na sh zikafuata, na mwisho kabisa zile korofi, dh, gh, na ng’ ya ng’ombe dhidi ya ng ya ngoma. Hapo usimkimbize mtu.

Tatizo lilikuja ambako sikulitarajia. Kwa kuwa silabi hazidanganyi, mtoto akizishika anasoma chochote. Wa kati alichukua karatasi yangu ya masharti ya mkopo akasoma aya nzima bila kukwama, na mikato akaipumzikia. Nikamwuliza imesema nini. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. “Imesema hayo.”

Dada akashauri maswali ya ufahamu, matano kila hadithi. Tulijaribu. Kila hadithi nzuri ikageuka mtihani, na mkubwa akaanza kuchagua vitabu kwa wembamba. Ndipo nikaanza vikaratasi vya amri. Naandika amri, naikunja, naiacha mahali ataikuta: ndani ya kiatu, chini ya sahani, kwenye kitasa. Masharti ni mawili: hairuhusiwi kusoma kwa sauti, na hairuhusiwi kuuliza. Soma, tenda. “Weka kiatu cha baba juu ya kiti.” “Gusa pua, kisha funga mlango.” Ukimwona mtoto amesimama peke yake sebuleni ameshika pua huku anaelekea mlangoni, huhitaji maswali matano. Ameelewa.

Nikaanza ukorofi. “Usilete kijiko.” Wa kati akaleta kijiko. Nikamrudishia karatasi bila neno. Akaisoma tena, akatazama kijiko, akatazama karatasi, kisha akakirudisha polepole kana kwamba hakuna aliyemwona. Baada ya hapo zikaja za masharti: “Kama mvua inanyesha, kaa chini. Kama hainyeshi, simama kwa mguu mmoja mpaka nikuite.” Ile nilimsahau, nikapokea simu, nikarudi nikamkuta bado amesimama, machozi yanamlengalenga na hataki kushika ukuta. Halafu wakaanza kujibu. Asubuhi moja nilivaa kiatu nikakanyaga karatasi: “baba rudisha kegele.” N haikuwepo. Niliifurahia zaidi ya ripoti yoyote, na kengele sikuirudisha.

Ila jambo ninalotamba nalo hasa ni saa. Mkubwa alikuwa anajua kuhesabu kwa tano, kwa hiyo dakika hazikumsumbua. Kilichomshinda ni mshale mfupi. Uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. “Baba, hiyo ni saba.” Naam, lakini ni saa moja. “Kwa nini?” Nikamweleza kwamba tunahesabu tangu kunapokucha, saa ya kwanza ikitimia ndiyo moja. Akakubali jinsi watoto wanavyokubali mambo ambayo wanajua watu wazima hawawezi kuyaeleza.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema nibandike namba mpya juu ya zile za saa ya ukutani, 1 ikae penye 7, na kuendelea. Nilibandika. Nyumbani kwetu akawa bingwa. Tukaenda kwa jirani, akaangalia saa yao mapema asubuhi akawatangazia kwamba ni saa saba, chakula cha mchana kiko wapi? Mwingine akasema nimfundishe kutoa sita. Sawa, 7 toa 6 ni moja. Na mshale ukiwa kwenye 3? Hapo unaongeza sita. Na kwenye 6? Basi mtoto anasimama chini ya saa akitoa na kuongeza, na kufikia akipata jibu saa yenyewe imeshasogea.

Nililala nikiwaza. Saa ina namba 12. Tofauti ya hesabu yetu na namba za usoni ni sita. Sita ni nusu ya 12, na nusu ya duara ni upande wa pili kabisa. Kwa hiyo jibu limekaa mkabala na mshale mfupi wakati wote! Nikaamka usiku huohuo kukata boksi, mke wangu akidhani kuna mwizi.

Nilitengeneza saa ya boksi. Mshale mrefu wa kawaida. Mshale mfupi nikaurefusha kwa nyuma, upite katikati na kutokea upande wa pili, na huo mkia nikaupaka rangi nyekundu. Kichwa kikiwa kwenye 7, mkia uko kwenye 1: saa moja. Kichwa kwenye 10, mkia kwenye 4: saa nne. Kichwa 3, mkia 9: saa tisa. Kichwa 12, mkia 6: saa sita. Hata nusu inakubali, maana kichwa kikiwa kati ya 9 na 10, mkia uko kati ya 3 na 4, saa tatu na nusu. Mkubwa aliizungusha siku nzima akitafuta itakapokosea. Haikukosea. Sasa akitazama saa yoyote ya mishale anauona mkia ambao haupo. Nilimwonyesha dada. Akazungusha mishale mwenyewe, akakaa kimya, kisha akasema “Mm.” Mnaowajua walimu wastaafu mtaelewa kwamba nilitunukiwa cheti. Kwa saa za simu mkia hausaidii, hizo alikuja kuzizoea baadaye kwa matumizi.

Hesabu nyingine haina hadithi ndefu. Vijiti, na kila kumi vinafungwa kwa mpira. Mtoto akitaka kutoa 7 kwenye 23 analazimika kufungua fungu moja mwenyewe, na hapo “kukopa” hakuhitaji hotuba. Lakini msibishane na umri. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba mtoto mdogo akiona maji yanamiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba, husema yameongezeka kwa sababu yamepanda juu, na kwa kawaida huacha kusema hivyo akikaribia miaka 6 au 7. Nilimjaribu wa kati. Akaapa yameongezeka. Nikayarudisha, akaapa yamepungua. Mkubwa alicheka hadi akakaa chini, ingawa namkumbuka yeye mwenyewe akililia glasi ndefu. Nikaacha kueleza, nikanunua vikombe vinavyofanana. Ugomvi wa mezani ukaisha hapohapo.

Kuandika nilianzia kwenye mchanga. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kushika kalamu, na kutoka hapo watu wengi hutumia trei ya mchanga. Wazo zuri kwa nyumba isiyo na mtoto wa miaka miwili. Mchanga wetu ulikaa kwenye trei mpaka nilipogeuza shingo. Tukahamia ubaoni: naandika herufi kubwa kwa chaki, mtoto anachovya kidole kwenye maji na kuipita mpaka ifutike. Akikosea njia, chaki inabaki na kumsema yenyewe. Gharama ni chaki. Na mtoto akigeuza b ikawa d, au 3 ikatazama upande usio wake, msikimbilie kutafuta ugonjwa. Mpaka miaka 7 hivi ni jambo la kawaida.

Sheria ulizeni kwenu kabla hamjamtoa mtoto shuleni, msiniulize mimi. Ujerumani hairuhusu masomo ya nyumbani ila kwa nadra sana, Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50 na kila jimbo lina masharti yake. Popote ulipo, weka boksi la kazi zao na andika tarehe kila karatasi siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya mwezi zote zinafanana. Na wale wanaouliza watoto hawa watajuaje kuishi na watu: wanashinda na watoto wa jirani kuanzia mchana mpaka giza. Ninachotafuta mimi ni namna ya kuwarudisha ndani.

Kilichonishinda mpaka leo ni mwandiko wa mkubwa. Anasoma, anahesabu, saa anaijua kuliko jirani, lakini herufi zake zinapanda mlima kila mstari. Nimejaribu mistari minene, penseli fupi, daftari kulilaza upande. Kulilaza upande kumesaidia kidogo. Mwenye mbinu nyingine na aseme, mradi isiwe ratiba.