Majibu safi hayamaanishi mtoto hana kitu

Majibu ya damu ya mwanangu, ya kupima ugonjwa wa jeni, yalirudi safi, nyumbani wote wakashusha pumzi, mimi ndo nikaanza kusoma sasa maana ulimi wake ulikuwa bado mkubwa na mguu wa kulia bado unaupita wa kushoto.

Tukisikia ugonjwa wa jeni tunawaza jeni imeharibika. Kwa sindromu ya Beckwith-Wiedemann, hali inayofanya mwili wa mtoto au sehemu zake zikue kupita kiasi, mara nyingi jeni yenyewe iko sawa kabisa, shida iko kwenye alama. Kila mtu ana nakala ya mama na nakala ya baba, na nyingi zinafanya kazi zote mbili, ila kuna kikundi kidogo ambacho moja huzimwa kutegemea imetoka kwa nani, na zinazozima ni alama za kikemikali zinazowekwa kwenye yai au mbegu kabla hata mimba haijatungwa. Mwaka 1984 watafiti walitengeneza viinitete vya panya vyenye nakala za mama tupu na vingine za baba tupu, hakuna kilichofika kuzaliwa, yaani nakala za pande zote mbili zinahitajika!

Sasa kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni ya IGF2, inayosukuma mwili ukue, hiyo inawaka ya baba. Karibu yake kuna CDKN1C, inayozuia seli kugawanyika ovyo, hiyo inawaka ya mama. Yaani baba gesi, mama breki. Karibu nusu ya watoto hawa alama ya upande wa mama imepotea, breki ikanyamaza, na kama mmoja kati ya watano ana kipande hicho mara mbili kutoka kwa baba, cha mama hakuna. Gesi ya baba ikizimika ndo unapata Silver-Russell, mtoto anakuwa mdogo kupita kiasi. Sehemu ileile!

Hilo la pili, la vipande viwili vya baba, huwa linatokea baada ya mimba kutungwa kwa hiyo linakaa kwenye baadhi ya seli tu, ndo maana upande mmoja wa mwili unaweza kukua na mwingine ukabaki, na ndo maana damu inaweza isionyeshe kitu wakati ngozi ya upande mkubwa ikipimwa inaonyesha. Kwa hiyo dalili zikiwepo usikubali kuambiwa "majibu safi, nendeni". Watoto hawa wako kwenye hatari ya saratani ya figo ya Wilms na ya ini, wanatakiwa ultrasaundi ya tumbo kila miezi 3 mpaka wafike kama miaka 7 hivi, na kipimo cha damu cha AFP, protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini, miaka ya mwanzo. Na siku za kwanza baada ya kuzaliwa sukari ya damu, jamani, inaweza kushuka vibaya sana.

Akili ya mwanangu iko sawa kabisa, kuongea ndo usiseme. Ila bado kuna wanaoniuliza nilikula nini nikiwa na mimba. Sikula kitu.