Peugeot 404 ya marehemu baba na tuta la Nkuhungu

Watu watatu, mmoja wao fundi ambaye hata boneti alikuwa hajaifungua, waliniambia niing'oe injini ya Peugeot 404 ya marehemu baba na kuweka ya Toyota. Sababu yao ilikuwa moja tu, kwamba gari lilikuwa linachemsha, na kwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi kila gari la zamani linalochemsha huhukumiwa kifo bila kusikilizwa. Fundi alipoifungua hiyo boneti hatimaye, alinionyesha kwa huzuni jinsi injini ilivyolala upande, akasema mipira inayoishikilia imekatika na kwamba ningekwenda hivyo ingedondoka barabarani. Nilimshukuru nikaondoka. Injini ya 404 imelazwa hivyo tangu kiwandani, kwa pembe ya digrii 45, ili boneti iwe chini, na baba alikuwa amenieleza jambo hilo nikiwa darasa la nne.

Lakini nisijifanye mwerevu mapema, kwa sababu nusu ya mabaya yaliyolipata gari hili niliyaidhinisha mwenyewe.

Baba alipofariki, gari lilikaa miaka mitatu mikononi mwa mpwa wangu, kijana mchapakazi na mwenye upendo, ila macho yake yamelelewa na magari ya vijana wa mjini. Nilipolichukua lilikuwa limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ambayo kwa vumbi letu huonekana chafu dakika kumi baada ya kuoshwa, na vioo vyeusi pande zote. Kwenye dashibodi alikuwa amekata tundu la skrini, na kwenye buti alikuwa ameweka spika kubwa kiasi kwamba tairi la akiba lilihamia kiti cha nyuma. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa spoila. Waitaliano wa Pininfarina, waliolichora umbo la gari hili kabla halijaanza kuuzwa mwaka 1960, waliliwekea nyuma mapezi mawili yaliyonyooka kwa adabu, na katikati ya mapezi hayo mpwa wangu alipachika bawa la plastiki jekundu. Ilikuwa sawa na kumvalisha mzee wa kanzu raba za watoto zinazowaka taa kila anapokanyaga. Nilimuuliza bawa linasaidia nini, akanijibu kwa heshima zote, “Mjomba, linashikilia gari chini likiwa kwenye mwendo.” Mwendo wenyewe ni wa kutoka Nkuhungu hadi sokoni Majengo.

Spoila, spika na vioo vyeusi vilitoka siku moja. Rangi ilirudi kuwa ya maziwa, kama aliyoiacha baba. Tundu la dashibodi ndilo lililonitesa, kwa maana kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa, lakini kilichokatwa kimekatwa, na tangu siku hiyo nimejiwekea sharti kwamba katika gari hili sitakata wala kutoboa kitu ambacho sina cha kukirudishia.

Sharti hilo nililivunja baada ya wiki mbili.

Mpwa wangu alinishawishi kwamba, ukiacha hayo mengine yote, gari lililoinama kidogo linapendeza, na mimi nililitazama pale uani, limesimama juu kama mbuzi mwenye miguu mirefu, nikakubali. Fundi alizikata springi zote nne, mizunguko miwili kwa kila moja, kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kunywa chai. Nakiri kwamba lilipendeza, na nililizunguka mara tatu nikitabasamu. Jumamosi iliyofuata jirani aliniomba nimbebee bintiye kumpeleka kanisani, kwa sababu gari la rangi ya maziwa lenye riboni nyeupe halina mpinzani katika picha, nami nilikubali kwa majivuno.

Tulikuwa watano: mimi, bibi harusi, mpambe wake, shangazi yangu ambaye huwa hakosi harusi, na mtoto wa maua. Mbele yetu ilitangulia pikapu ya matarumbeta. Tulipofika kwenye tuta lile refu la upande wa Nkuhungu, ambalo magari ya kawaida huliruka kwa kunung'unika kidogo, magurudumu ya mbele yalipita vizuri, kisha gari likaketi. Sitafuti neno la kupamba. Liliketi juu ya tuta kama kuku anayeatamia, na nilipokanyaga mafuta bomba la moshi lilitoa sauti ya sufuria inayokwanguliwa. Shangazi alikwisha kugonga kichwa kwenye dari. Ilibidi washuke wote, bibi harusi akiwa amekunja gauni hadi magotini katika lile vumbi jekundu, na mpambe akimshikia mkia wa gauni huku akinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Wapiga matarumbeta hawakugeuka hata mara moja. Waliendelea na wimbo wao hadi kanisani, wakaingia getini kwa shangwe bila bibi harusi. Vijana wa bodaboda sita ndio waliolinyanyua gari, na mmoja wao alinipa ushauri wa bure ambao ulikuwa bora kuliko wote niliolipia: “Mzee, hili limetengenezwa kwa barabara mbovu. Nani amelikata miguu?”

Na kweli limetengenezwa hivyo. Springi zake ni ndefu na laini makusudi, na ndiyo sababu 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo zilikuwa za dereva Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na baba alikuwa akimtaja jina kama ndugu wa ukoo. Gari lililopita kwenye matope na mashimo ya nchi tatu lilishindwa na tuta la mtaani kwa sababu mimi nilitaka liiname.

Springi nyingine nilizipata Manyoni, kwenye 404 bovu lililokuwa banda la kuku nyuma ya nyumba ya mstaafu mmoja. Mzee alinidai laki na kitu, pamoja na sharti kwamba nimjengee kuku wake mahali pengine pa kutagia, nami nilinunua mbao siku hiyo hiyo.

Likabaki suala la kuchemsha, na hapa naomba nijisifu. Feni ya 404 haizunguki muda wote. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachogusa pete iliyo kwenye feni, sumaku inashika, na feni inaanza kuzunguka; maji yakipoa, inaachia. Mafundi wote waliona feni imetulia wakadhani ndivyo ilivyo, wakakimbilia kulaumu rejeta, gasketi, na hatimaye injini nzima. Mmoja alitoa hadi kidhibiti joto cha maji, jambo ambalo liliifanya injini ichelewe kupata moto asubuhi na bado ichemshe mchana. Mimi nilipeleka waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni, nikaona hakuna kitu, nikajua kaboni imekwisha. Kaboni ya gari hili hapa mjini huipati, lakini kaboni ya altaneta ipo kila duka la spea, elfu mbili au tatu. Ilikuwa nene mno. Niliketi kwenye ngazi ya jikoni na msasa laini, nikaisugua taratibu huku mke wangu akimenya karanga na kuniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyostaafia. Mbili zilivunjika vidoleni. Ya tatu iliingia, na nilipogusisha waya nilisikia “tak”, mlio mdogo wa sumaku ikishika, ambao kwangu ulikuwa mtamu kuliko yale matarumbeta. Nimekwenda nalo Kondoa na kurudi mchana wa jua kali bila kusimama kuongeza maji.

Mabadiliko niliyoyafanya baada ya hapo mgeni hayaoni. Chini ya dashibodi ipo swichi ndogo ya kuwasha feni kwa mkono nikiwa kwenye foleni, imefungwa kwenye tundu la skurubu lililokuwapo tayari. Taa za mbele, zilizokuwa na mwanga wa koroboi, nimezipitishia umeme wa betri kwa rilei mbili, yaani swichi ndogo za umeme, zilizojificha nyuma ya betri, nazo sasa zinamulika kama zinavyopaswa. Kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nimekataa oili ya kawaida, kwani meno yake ni ya shaba nyeusi na dawa zilizomo katika oili nyingi za gia huila shaba. Zamani kiwanda kiliagiza itumike oili iliyotokana na mbegu za nyonyo, nami natumia iliyo salama kwa shaba hata kama muuzaji ananishangaa. Kinachoonekana ni kimoja tu: taa mbili za duara juu ya bampa, kwa ajili ya Shankland na baba. Kazi zote hizi kwa pamoja zimenigharimu labda milioni moja na nusu, au zaidi kidogo, na karanga za mke wangu bado hazijahesabiwa.

Mpwa wangu amelikubali, ila ananiomba angalau redio. Nimemruhusu ndogo, ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, ambako kifuniko kikifungwa haionekani.

Jumapili iliyopita nilimpeleka shangazi kanisani. Tulipolikaribia lile tuta alishika dari kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, akafumba macho. Tulikuwa tumefika kwenye mzunguko wa barabara alipoyafumbua, akauliza, “Mwanangu, bado hatujalifikia?”