Mgahawa wa Kithai uliokuwa pale kabla ya bili hii

Jana nimelipishwa dola 34 kwa bakuli la kuku wa nazi, wali wa kiganja kimoja na maji ya bomba. Halafu yule kijana akanigeuzia kishikwambi nichague bakshishi: asilimia 20, 22 au 25. Chini ya hapo utafute mwenyewe, huku anakukodolea macho. Na hapa California sheria hairuhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara, kwa hiyo msiniletee ile hadithi ya "masikini hawalipwi". Mimi ni mtu wa Tanga, tui nalijua. Lile lilikuwa la kopo, tena limezimuliwa. Kwa hela ile pale Chumbageni ungewalisha wangapi, hesabu mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba chumba kile kile zamani kilikuwa mgahawa wa familia ya Kithai. Baba yuko kaunta, mama yuko jikoni, watoto wako meza ya mwisho karibu na choo, wanafanya kazi za shule huku wakikunja leso za karatasi. Mama alikuwa na kinu cha jiwe cha kupondea pilipili mbichi na kitunguu saumu. Ukifika mlangoni tu, kikohozi kinakushika. Mwishoni anatupia majani ya jamii ya rihani. Mara ya kwanza nilibaki mdomo wazi. Kwetu rihani ni ya kikuba, ya kunukia, huyu anaimwaga kwenye sufuria!

Niliposimamishwa kazi ya ghalani niliacha kwenda. Yule mama akanikuta nafua nguo kwenye mashine za kulipia, akauliza mbona nimepotea. Jioni akanifungia wali na kuku, na hakuandika popote. Iliendelea hivyo mpaka nilipopata kibarua kingine. Wakati huo huo kuna ndugu zangu wa damu, wako humu humu Marekani, simu zangu hawakupokea. Wanajijua.

Wathai wa Los Angeles wana historia yao. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia Waasia mlango, na wakati wa vita vya Vietnam Marekani ilikuwa na kambi za ndege ndani ya Thailand, kwa hiyo njia ikazoeleka. Wengi wa mwanzo walikuja kusoma. Waliotaka kupika hawakuwa na viungo. Majani mabichi ya ile ndimu yao, kwa mfano, yalizuiwa kuingia nchini kwa hofu ya magonjwa ya michungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia moja ikafungua Bangkok Market, Hollywood ya Mashariki, duka la vyakula la Kithai linalotajwa kuwa la kwanza Marekani. Wenye migahawa wakawa wanajaza mifuko pale. Mtoto wa familia hiyo, Jet Tila, leo ni mpishi wa televisheni. Mwaka 1999 halmashauri ya jiji ikaupa mtaa jina rasmi la Thai Town. Duka lenyewe lilifungwa mwaka 2019.

Na msidhani wote walifika kwa heri. Agosti 1995, hapo El Monte, mji jirani na Los Angeles, maofisa wa serikali waliwatoa Wathai 72 waliokuwa wamefungiwa kwenye nyumba zenye waya wa miiba, wanashona nguo kulipa "deni la safari". Dada zetu mnaopelekwa Ghuba na mawakala, mnaijua hadithi hii bila kusimuliwa. Mtu akitaka kukushikia pasi, usipande ndege.

Kinachonitia wivu ni serikali yao. Mwaka 2002 ilianzisha mpango wa kusambaza migahawa ya Kithai duniani, ikitaka itoke kama 5,500 ifike 8,000. Kukawa na mafunzo ya wapishi, kukawa na mikopo. Sisi pilau, urojo, samaki wa kupaka, vyote tunavyo, na ubalozi ukitualika tunakula sambusa za baridi tukisikiliza hotuba kuhusu fursa.

Ila wanaolilia ile migahawa ya bei rahisi, nami nikiwemo, tuseme ukweli. Sahani ile ilikuwa rahisi kwa sababu mama hakujilipa mshahara, baba hakujilipa, na watoto walikunja leso bure. Wangeandika saa zao kama mwajiriwa anavyoandika, pale pasingefika hata mwaka. Corona ilipokuja, Machi 2020, viti vikapinduliwa juu ya meza. Wakahangaika na chakula cha kubeba, na zile programu za kuletea watu chakula zikawa zinakata kamisheni kabla hata wali haujapoa. Mkataba wa pango ulipoisha, mwenye jengo akataja bei mpya. Binti ameshakuwa muuguzi, kaka yake ni mhasibu. Nilimuuliza yule mama kama haumii kuona hakuna wa kurithi jiko. Akacheka sana, akaniambia aliwasomesha ili wasilirithi.

Sasa binamu yangu wa Tanga ananiandikia kila wiki tufungue mgahawa wa Kiswahili hapa Los Angeles. Yeye ana mapishi, mimi niwe na mtaji. Kwenye hesabu alizonitumia kuna nyama, mchele, gesi, mpaka mabango. Mishahara hakuna. Nikamuuliza nani ataosha vyombo, akasema, "Si shemeji na watoto watasaidia?" Shemeji mwenyewe anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nimemwonyesha ule ujumbe, na jibu lake mtaliona akijisikia kuliandika.