Nyuma ya ua kuna nini?

Matamba, Jumamosi usiku

Nafuta picha. Baridi ya huku haina utani, nimejifunika blanketi mbili na vidole bado vinauma. Karibu zote ninazofuta zina ua zuri, fokasi imekaa sawasawa, ila nyuma yake ni vurugu: jani kavu linang'aa pembeni, bua limekatiza katikati. Jicho la mtu hukimbilia penye mwanga kwanza, ua linabaki kungoja zamu.

Wenyeji wanaiita Kitulo, hifadhi ya taifa ya huku juu, Bustani ya Mungu. Hifadhi ina aina 45 za okidi, na mvua zikikolea namna hii maua hayaachiani nafasi. Mtihani ndio huo. Ukipiga ukiwa umesimama, umeinamisha kamera, nyuma ya ua zipo nyasi za hapo hapo chini, na hata ukifungua tundu la lenzi sana, mpaka f/2.8, ili nyuma pafifie, hazifichiki vizuri. Dawa ni kulala kifudifudi kwenye umande, nguo zilowe zitakavyo. Kamera ikishuka usawa wa ua, nyuma panakuwa kilima cha ng'ambo, na kwa umbali ule kinalainika chenyewe hata tundu likiwa dogo, f/8. Umbali unasaidia kuliko lenzi ya bei mbaya. Ukungu ukipanda, ndiyo kabisa.

Simu nazo zina ile hali ya kufifisha nyuma. Ijaribu kwenye okidi uone inavyokata ncha nyembamba za petali, ikidhani nazo ni nyasi.

Ila mtindo wa kufuta kila kitu nyuma umenichosha. Leo ndege chozi dume, wa kijani mwenye mkia mrefu, alitua juu ya ua refu la rangi ya moto. Pale nilipokuwa, nyuma yake palikuwa mteremko mtupu wa kijani. Safi, kila mtu angesifia. Nikapiga. Kisha nikajivuta kidogo kushoto mpaka milima na ukungu vikaingia, naye, ajabu, akanisubiri. Ya pili ina mambo mengi zaidi, lakini ya kwanza ingeweza kupigwa kwenye bustani ya mtu Masaki, Dar es Salaam. Huyu wa picha ya pili yuko juu kwenye mita zaidi ya 2,600, na unaelewa kwa nini amefura manyoya. Nimeibakiza hiyo.

Kijana wa bodaboda aliyenileta alishangaa. "Kaka, ndege mdogo vile, milima ya nini tena?" Nikamwonyesha zote mbili, akasema ni zilezile tu. Yeye anaisubiri ile niliyompiga asubuhi tukipanda kutoka Chimala, kwenye kona za Hamsini na Saba: yeye, pikipiki yake, na bonde la Usangu lote nyuma. Hiyo alinipanga mwenyewe, sogea kulia, rudi kushoto, chuchumaa kidogo, mpaka nguzo ya umeme ikaacha kumtokea kichwani.